Kwa nini Kampala picha ya kamera na mchoro wa ukutani vina jina moja?

Pita Wandegeya, mtaa wa Kampala ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, utaona vibanda vya vinyozi vilivyochorwa vichwa ukutani: nywele zimekatwa kama kwa rula, masikio madogo kuliko ya binadamu yeyote niliyewahi kukutana naye. Ndani, juu ya kioo, pengine ametundikwa mwenye kibanda siku ya harusi yake, kwenye fremu. Muulize Mganda kile cha nje kinaitwaje kwa Kiganda, atakwambia ekifaananyi. Na hiki cha ndani? Ekifaananyi.

Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Ndani ya neno hilo kuna okufaanana, ndugu wa damu wa kufanana kwetu. Ekifaananyi ni kitu kinachofanana na kingine, basi. Kiwe cha rangi au cha filamu, jina haliulizi. Hata Biblia ya Kiganda, inapokataza sanamu za kuchonga, hutumia neno hilohilo.

Tofauti hubebwa na kitenzi. Mwenye brashi anasiiga, yaani anapaka; mwenye kamera anakuba, yaani anapiga, kama sisi tunavyopiga picha. Kilichofinyangwa kina jina lake pia, ekibumbe, kutokana na okubumba, kufinyanga.

Sisi tulikwenda njia nyingine. Picha tuliichukua kwa Waingereza, sanamu na taswira kwa Waarabu. Ajabu ni kwamba ukifungua kamusi za zamani utakuta sanamu ni ya kuchonga na pia ni ya karatasi. Nasi tulikuwa na neno moja, kisha tukaligawa. Naona Waganda hawakupoteza kitu kwa kutogawa.

Mholanzi Andrea Stultiens, mpiga picha ambaye tangu 2011 amekuwa akikusanya picha za kale za Uganda pamoja na mwenzake wa Uganda, Rumanzi Canon, alilipenda neno hilo kiasi cha kulifanya jina la mfululizo wa vitabu vyake: Ebifananyi, wingi wake.

Lakini neno lenyewe linazua swali: kinafanana na nini? Kwa kinyozi jibu ni rahisi. Niliwahi kuonyesha kidole kichwa cha tatu kutoka mlangoni, nikatoka na upara nusu. Rafiki yangu akanitazama, akautazama ukuta, akasema neno moja tu: tekifaanana. Hakifanani.

Kwingine si jambo la kuchekea. Mwaka 2015, katika kabati la shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilipatikana negativu (filamu za kuchapishia picha) zipatazo 70,000, nyingi za enzi za Idi Amin, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, hapo Kampala. Mikutano ya hadhara imo, wageni wa heshima wamo, Amin mwenyewe yumo tena na tena. Wapiga picha walikwenda walikotumwa, wakakuba walichoambiwa wakakube. Vyumba vya mateso vya utawala wake huko Nakasero, katikati ya jiji hilohilo, havimo.