Kusaka Maneno si Kusoma

Nimeambiwa tena, na mtahiniwa mwenye bidii, kwamba katika sehemu ya kusoma ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hakuna haja ya kusoma kifungu: unachukua neno kuu la swali, unalisaka katika aya, na jibu liko papo hapo. Imani hii inanichosha, kwa sababu wengi wanaoishika wanajua Kiingereza cha kutosha kufaulu.

Hoja yao ni muda. Sehemu hiyo ina dakika 60 na maswali 40, na katika mtihani wa kitaaluma (Academic) vifungu vyote 3 kwa pamoja huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750. Anayesoma maneno 150 kwa dakika, mwendo usio wa haraka, huvimaliza kwa dakika zisizozidi 19, akabakiwa na zaidi ya 40 za kujibu. Muda humwishia anayeirudia aya ileile mara nne kwa kuwa hakuielewa alipoipita.

Msako hukwama hasa kwenye maswali ya Kweli, Si Kweli na Haikutajwa, ambapo unapewa kauli na kuamua kama kifungu kinaikubali, kinaikanusha, au hakisemi lolote juu yake. Tuseme kifungu kinaeleza hivi: "Ingawa daraja lilikamilika mapema, halikufunguliwa kwa umma hadi ukaguzi wa pili ulipofanyika." Kauli ya kwanza inadai kwamba daraja lilifunguliwa mara tu lilipokamilika, hiyo ni Si Kweli, kwa sababu kifungu kinaikanusha. Kauli ya pili inadai kwamba ukaguzi wa kwanza ulibaini kasoro. Msakaji ameona "ukaguzi", akili yake imeshajaza pengo, naye anaandika Kweli, ilhali hakuna mahali palipotaja matokeo ya ukaguzi huo. Jibu ni Haikutajwa, hata kama dhana ya kasoro inaingia akilini kwa urahisi kiasi gani. Swali la kujiuliza ni hili: je, ipo sentensi inayoifanya kauli hii isiweze kuwa kweli? Usipoweza kuionyesha kwa kidole, usiandike Si Kweli.

Vitabu vya mazoezi huuchora mpaka huo kati ya Si Kweli na Haikutajwa kana kwamba hauna utata. Yapo maswali ambayo walimu wazoefu hugawanyika juu yake, na mimi huona kila upande una hoja. Vilevile siamini kwamba ipo kanuni moja kuhusu kuanza na maswali au na kifungu; mimi huelekea kwenye kifungu, lakini nimeona wasomaji wazuri wakifanya kinyume.

Kusaka kuna mahali pake: miaka, majina ya watu, takwimu. Tena majibu ya Kweli na Si Kweli hufuata mpangilio wa kifungu, hivyo unajua pa kutafuta.

Maswali ya vichwa vya aya, ambapo unaichagulia kila aya kichwa kutoka kwenye orodha, ndiyo yanayomuumbua msakaji kuliko yote, kwa kuwa vichwa huwa vingi kuliko aya na neno la kichwa kisicho sahihi mara nyingi limo ndani ya aya. Kabla ya kuvitazama vichwa, isome aya, kisha useme kwa maneno yako machache mwandishi ameiandika ili kueleza nini.