Nyama ya pasti huingia mbichi, tusizungushane

Imenifikia tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti: "Pasti ya Cornwall ni sambusa ya oveni tu. Kaanga nyama na vitunguu, viazi vichemshe kidogo, halafu jaza." Pasti hiyo ni chakula cha Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza: nyama na mboga zilizofungwa ndani ya unga na kuokwa. Nimechoka. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maelekezo haya hutolewa na wapishi hodari, watu ambao manda zao ukiziinua unaona mwanga upande wa pili, ndiyo maana yanaaminika.

Sambusa hutiwa nyama iliyoiva kwa sababu hukaa kwenye mafuta dakika chache. Nyama mbichi isingewahi kuiva. Pasti hukaa kwenye oveni saa nzima, ndani ya unga mnene uliofungwa. Maji ya nyama na ya kitunguu hugeuka mvuke, viazi huivia humo humo, na wanga wake huufanya mchuzi uwe mzito. Ukikaanga nyama kwanza, mchuzi huo umeuacha kwenye kikaango. Kisha nyama iliyokwisha kuiva inapikwa saa nyingine na kuwa vipande vikavu, viazi vilivyochemshwa vinavurugika vikawa uji, na kama hukuwa na subira ya kuacha mchanganyiko upoe, mafuta ya kwenye unga yanayeyuka kabla hata hujafunga. Hapo chini panalowa, panapasuka, halafu lawama anabebeshwa Mwingereza kwamba hajui kupika.

Wala si ukaidi wangu. Tangu 2011, jina la pasti ya Cornwall linalindwa kisheria: itengenezwe Cornwall, iwe na umbo la nusu duara, ukingo wake usukwe ubavuni, nyama isipungue asilimia 12.5 na mboga asilimia 25, na vyote viingie vibichi. Ukipika kwako Leicester au Mombasa hakuna atakayekukamata, mradi usiiuze kwa jina hilo.

Kisha huja swali la usalama: "Nyama mbichi saa nzima tu, itaiva kweli?" Mamlaka ya chakula ya Uingereza inataka katikati ya chakula pafike nyuzi 70 kwa dakika 2. Kiazi, kwa upande wake, hakilainiki mpaka joto lipite nyuzi 85 hivi. Kwa hiyo kiazi cha katikati kikilainika, nyama iliyo jirani yake imeshavuka mpaka wa hatari zamani. Kiazi kikiwa bado kigumu, rudisha kwenye oveni. Huhitaji kipimajoto, unahitaji kisu chenye ncha.

Vipimo vya pasti 6. Unga: gramu 500 za unga wa ngano wa mkate (ule wenye nguvu, si wa keki), gramu 120 za mafuta magumu ya mimea, gramu 25 za majarini, gramu 5 za chumvi, mililita 175 za maji baridi. Mapishi ya zamani yanataka mafuta ya nguruwe. Asiyeyala asione amepungukiwa, ya mimea yanafanya kazi ileile. Ndani: gramu 450 za nyama ya ng'ombe, 450 za viazi, 250 za swidi (mzizi, nitaueleza hapa chini), 200 za vitunguu maji. Karoti haimo. Njegere hazimo. Bizari hazimo pia, na ukizitia utakuwa umepika chakula kitamu chenye jina lingine.

Nyama ni ile bapa ya tumboni ambayo bucha za Uingereza huiita sketi, ndiyo, kama nguo. Haina mishipa mingi migumu, inatoa mchuzi mwingi, na inaiva ndani ya saa moja ikikatwa vipande vya sentimita moja. Nyama ya mchuzi ya kawaida inahitaji saa mbili au zaidi, utabaki unatafuna. Sheria inaruhusu ya kusaga, lakini mimi siipendi: inashikana ikawa bonge moja, na mvuke haupiti.

Swidi ni ule mzizi mkubwa wa duara, ngozi ya zambarau juu na ya manjano chini, ndani manjano. Usiuchanganye na tanipu, ule mdogo mweupe ndani, una maji mengi mno. Msimu wake Uingereza ni vuli na baridi, na baada ya jalidi kuupiga unakuwa mtamu zaidi. Ukiununua Mei au Juni, mara nyingi ni wa stoo: mgumu kama gogo, una nyuzi. Kiazi nacho kiwe cha kushikamana, aina ya Maris Peer au Wilja ukivipata. King Edward ni cha kuponda, hapa kinavurugika.

Namna ya kukata ndiyo inayowashinda wengi. Usikate dadu. Shika kiazi mkononi, kichonge kwa kisu kama unachonga penseli, vipande viwe vyembamba, milimita 3 au 4 upande mnene na vikonde pembeni. Ncha zile nyembamba huyeyukia kwenye mchuzi, sehemu nene hubaki kiazi. Swidi ikatwe nyembamba zaidi, kwani ndiyo ya mwisho kulainika. Usiviloweke viazi baada ya kuvikata! Unaosha wanga unaouhitaji.

Chumvi sasa. Kwa kuwa vitu ni vibichi huwezi kuonja, basi pima: gramu 13 kwa kilo hiyo moja na robo na ushee, na pilipili manga kijiko cha chai kizima na nusu. Pilipili ndiyo kiungo pekee, usiionee haya. Lakini itie wakati wa kujaza, pasti kwa pasti. Ukichanganya chumvi na mboga kwenye bakuli kisha ukaenda kusukuma unga, ukirudi utakuta maji yametuama, na maji hayo ndiyo yatakayolowesha chini.

Unga huu unakandwa, hata kama umezoea kuambiwa unga wa pai usiguswe sana. Vuruga mafuta ndani ya unga, tia maji, kanda mpaka uvutike. Kisha uufunge na uuweke kwenye friji saa 3. Ukiuharakisha utarudi nyuma kila unapousukuma na utachanika wakati wa kusuka. Gawa madonge 6, kila moja gramu 137 hivi, sukuma duara la sentimita 22, unene milimita 3.

Panga mboga, nyama juu, chumvi na pilipili, kipande kidogo cha siagi. Jumla gramu 225. Kuhusu kupanga au kuchanganya, wapishi wa Cornwall wenyewe hawajapatana. Mimi napanga ili mchuzi wa nyama ushukie viazi, ila sijawahi kushawishika kwamba mlaji anaona tofauti. Acha ukingo wa sentimita 2 usioguswa na kitu, ulowanishe kidogo, kunja, bana. Kusuka: bana pembe kwa kidole gumba na cha shahada, kunja ndani, bana, kunja, mpaka mwisho, mikunjo kama 20. Wanasema ukingo huu ulikuwa mpini wa wachimba madini, waliutupa kwa sababu mikono yao ilikuwa na sumu ya aseniki. Nina shaka. Picha za zamani zinaonyesha wachimbaji wakila pasti zikiwa ndani ya vifuko, na mwenye kifuko hahitaji mpini.

Paka yai, toboa tundu dogo juu (wengine hawatoboi, na zao hazipasuki, sina jibu). Oveni nyuzi 200 dakika 20, kisha 170 dakika 40. Ikibadilika rangi mapema, funika kwa foili, usiitoe. Ikitoka ipumzike dakika 10, ndani kuna mvuke wa kuunguza ulimi.

Na kiangazi, swidi ikishachoka? Usilazimishe pasti. Pika pai ya siagi ya Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza: viazi, vitunguu, siagi nyingi, bila nyama kabisa; Wakatoliki wa huko waliila Ijumaa, siku ambayo hawakula nyama. Hiyo ndiyo unayoruhusiwa kuchemsha viazi na kulainisha vitunguu kabla, kwa sababu hamna nyama ya kutoa mchuzi. Viazi kilo moja, vitunguu gramu 300, siagi gramu 100, pilipili manga nyeupe. Chemsha vipande dakika 8 tu, vichuje, viache vipoe kabisa ndipo uvifunike kwa unga.