"Nilishahakikiwa": dhana zinazoshikilia pesa zako kasino

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na watu watatu wasiojuana, mmoja yuko Leicester, mmoja Manchester, mwingine London mashariki, na wote walinianzia na maneno yaleyale: "Mimi nilishahakikiwa. Sasa wanataka nini tena?" Mwenye kiasi kidogo alikuwa anasubiri kasino imlipe pauni 11,000 alizoshinda. Mwenye kikubwa, 64,000. Nilifanya kazi miaka sita kwenye kitengo cha uhakiki cha kampuni ya kasino mtandaoni hapa Uingereza, kabla sijaanza kuwasaidia wachezaji wa dau kubwa kuweka makaratasi yao sawa, na sentensi hiyo ndiyo niliyoisikia kuliko nyingine zote. Nimechoka kuijibu kwa simu, mmoja mmoja, saa nne za usiku. Naijibu hapa.

Uhakiki uko wa aina mbili, na watu wanazichanganya. Wa kwanza ni wa utambulisho: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Tangu tarehe 7 Mei 2019 Tume ya Kamari ya Uingereza inaitaka kasino iumalize kabla hujacheza. Ndio ule ulioupita siku ya kwanza kwa dakika mbili, pengine bila hata kutuma picha ya pasipoti, kwa sababu mtambo ulikupata kwenye kumbukumbu za mikopo au daftari la wapigakura. Umethibitisha kwamba wewe ni wewe, basi. Swali la pili, pesa unayoweka inatoka wapi, hilo halijaguswa.

Na swali la pili lina sheria yake. Kanuni za mwaka 2017 za kuzuia utakatishaji fedha zinaiweka kasino kundi moja na benki na mawakili: inatakiwa ikufuatilie muda wote inapokuhudumia, na ikikuona umebadilika, ikuulize. Ukiweka pauni 200 kwa wiki, maswali ni machache. Ukipanda ghafla mpaka 5,000 kwa wiki, machoni pa sheria umekuwa mteja mwingine, hata kama pasipoti ni ileile.

Hapo ndipo wananirushia kanuni ya Tume: "Si wamekatazwa kuniomba siku ya kutoa kitu ambacho wangeweza kuniomba mapema?" Ni kweli wamekatazwa, na ni kanuni nzuri, nilikuwa ndani ilipoanza kutumika na ilisafisha mengi. Lakini ina nusu ya pili ambayo hakuna mteja anayenisomea: kampuni haizuiwi kuomba taarifa ambayo sheria nyingine inailazimisha kuipata wakati huo. Mtu aliyecheza kwa utulivu miezi mitano, kisha wikendi moja akaweka pauni 30,000 na Jumatatu akaomba kutoa 64,000, swali lake limezaliwa wikendi ileile. Lisingeweza kuulizwa Januari. Ila kama kampuni ilikuona unaweka maelfu kwa miezi mitano ikanyamaza, halafu ikaamka siku umeshinda, hapo unayo hoja, na nitakuonyesha pa kuipeleka.

Nieleze faili moja, nikibadilisha mambo mawili matatu mwenyewe asitambulike. Bwana mmoja mzaliwa wa Tanga, ana magari matatu ya mizigo hapa Midlands. Siku anafungua akaunti alijaza kipato cha pauni 30,000 hadi 40,000 kwa mwaka, akabonyeza kwa haraka bila kufikiri. Miezi mitatu baadaye alikuwa anaweka 4,000 kila wiki. Akashinda blackjack, mchezo wa karata, akaomba kutoa, akaombwa chanzo cha fedha. Alichotuma ni picha nne za skrini ya simu alizopiga juu ya meza ya chakula, kidole gumba kimefunika namba ya akaunti, na ukurasa wa pili haupo. Kwenye taarifa ya benki jina lilikuwa na maneno mawili. Kwenye pasipoti matatu, la kwake, la baba na la babu, kama tulivyo wengi tunaotoka pwani. Na pesa zenyewe zilikuwa zimeingia kwa mafungu kutoka kwa watu watatu tofauti.

Zilikuwa halali kabisa. Aliuza kiwanja Kigamboni, na ndugu zake wakamtumia kila mmoja sehemu yake. Lakini aliyekaa kwenye dawati la uhakiki hamjui, hajui Kigamboni, na anachokiona ni mtu mwenye kipato cha 35,000 anayecheza 200,000 kwa mwaka kwa pesa za watu watatu wasiojulikana. Nikiwa kwenye kiti kile ningelisimamisha mimi mwenyewe. Ilichukua siku 23 kulimaliza: mkataba wa mauzo na tafsiri yake, uthibitisho wa benki ya Dar es Salaam, maelezo ya kila ndugu na taarifa ya benki inayoonyesha pesa ikitoka kwake. Kila kipande kilikuwepo tangu mwanzo, kwenye bahasha nyumbani kwake. Angekituma mwezi wa pili wa kucheza wala tusingefahamiana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka sauti ikauke: tuma makaratasi siku unayopandisha dau, usingoje siku unayoshinda. Taarifa za benki za miezi mitatu, zipakuliwe kama faili la PDF kutoka benki yenyewe, kurasa zote, hata ile tupu ya mwisho. Umeajiriwa? Weka P60, ile karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri, na karatasi za mshahara. Umejiajiri? Chukua SA302 yako, hesabu ya kipato na kodi yako ya mwaka, kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Umeuza nyumba? Omba wakili hesabu ya mwisho ya mauzo. Kama mtaji wako ni ushindi wa kasino nyingine, onyesha historia ya kutoa ya huko na taarifa ya benki pesa ilipoingia. Kusema tu "nilishinda" hakumsaidii mhakiki. Majina yakipishana, andika barua ya mistari mitatu ueleze. Kisha waulize kwa maandishi: faili langu linatosha kwa uwekaji wa kiasi gani? Jibu hilo lihifadhi kama hati ya kiwanja.

Na liko jambo moja siwezi kuliruka. Mara nyingine makaratasi yakishapangwa mezani yanaonyesha mtu anacheza zaidi ya anachoingiza, au anacheza kwa mkopo. Mtu wa namna hiyo simsaidii kuharakisha chochote ili arudi mezani. Namwambia atoe alichonacho na asimame.

Kuna kipindi cha ukimya ambacho wateja wangu hukitafsiri vibaya kuliko vyote. Makaratasi yamefika, siku zinapita, na huduma kwa wateja wanarudia "bado tunakagua". Inaweza kuwa uzembe. Inaweza pia kuwa kampuni imepeleka taarifa ya shaka kwa National Crime Agency, idara ya taifa ya kupambana na uhalifu mkubwa, na kuomba ridhaa ya kulipa. Hapo sheria ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2002 inaipa idara hiyo siku 7 za kazi kujibu, na ikikataa, pesa inaweza kuzuiwa siku nyingine 31. Katika muda huo mfanyakazi akikudokeza kinachoendelea anaweza kushtakiwa yeye. Nilishakaa upande huo wa simu, mteja anapaza sauti, na mimi sina ruhusa hata ya kuguna. Kumtukana kijana wa huduma kwa wateja hakusogezi chochote.

Mengine nitayapitia upesi.

"Meneja wangu wa VIP atanisukumia." Huyu ndiye mfanyakazi anayehudumia wateja wa dau kubwa. Anaweza kukuulizia foleni imefika wapi, kuidhinisha suala la chanzo cha fedha si kazi yake. Tangu mwisho wa Oktoba 2020 Tume inataka kampuni ihakiki kipato na chanzo cha fedha kabla haijamwingiza mtu kwenye VIP, chini ya kiongozi wa juu mwenye leseni yake binafsi. Mtumie meneja huyo kwa swali moja tu: faili langu limepungukiwa nini? Tiketi za mpira na bonasi mwachie.

"Toa kidogo kidogo, usishtue mtambo." Dada mmoja aligawa pauni 18,000 mara kumi na mbili kwa ushauri wa shemeji yake. Kugawa kiasi ili kisionekane ni moja ya dalili za kwanza anazofundishwa mhakiki mpya. Omba kiasi chote mara moja.

"Badilisha njia ya malipo, pochi za mtandaoni ndizo za haraka." Pesa ikishaidhinishwa, karibu kila njia ya Uingereza ni ya haraka. Faster Payments, mfumo wa benki wa kutuma pesa papo hapo, upo tangu 2008, inafanya kazi usiku na Jumapili, na mfumo wenyewe unabeba hadi pauni milioni 1 kwa muamala mmoja, ingawa benki hujiwekea viwango vyao. Kadi nyingi za debiti zinapokea ndani ya dakika chache au saa kadhaa. Skrill na Neteller nazo zina uhakiki wao na viwango vyao, kwa hiyo unaongeza mlango wa pili wa kubishwa hodi. Tena kasino hurudisha pesa kule ilikotoka: ukiweka kwa kadi tatu tofauti, umejitengenezea mafundo matatu ya kufungua. Chagua akaunti moja ya benki yenye jina lako, uitumie kuweka na kutoa. Kadi ya mkopo usinitajie; imepigwa marufuku kwa kamari tangu tarehe 14 Aprili 2020.

"Kasino za nje zinalipa kwa dakika tano, tena bila maswali." Zinalipa pauni 300 kwa dakika tano. Ukishinda 60,000 ndipo unapokisoma kifungu cha kiwango cha juu cha kutoa kwa wiki. Kwa sheria ya mwaka 2014, yeyote anayewahudumia wachezaji wa Uingereza lazima awe na leseni ya Tume, popote alipo. Asiye nayo, anayekulipa kwa kripto kutoka kisiwani, hana msuluhishi, na wewe huna pa kumshika. Nina uchungu zaidi na jambo hili kwa sababu wengi niliowakuta huko walikuwa wamejifungia kupitia GAMSTOP, mpango wa mtu kuomba azuiwe kucheza kwenye kasino zote za mtandaoni zenye leseni, wakatafuta mlango wa nyuma. Ndugu yangu, kama ndivyo ulivyofika huko, zungumza na mtu leo, suala la malipo lingoje.

"Ukijifungia salio lako limekwenda." Si kweli hata kidogo. Kampuni yenye leseni inatakiwa ifunge akaunti na ikurudishie fedha zilizomo. Nawajua watu walioendelea kucheza miezi kwa hofu hiyo peke yake.

"Iache tu humo, iko salama kama benki." Kasino si benki. Kampuni ikifilisika, unachopata kinategemea kiwango cha ulinzi wa fedha za wateja ilichokitangaza kwenye masharti yake, na viko vitatu: hakuna ulinzi, wa kati, na wa juu. Soma mstari huo kabla ya kulaza hata pauni 1,000. Na kumbuka tangu mwisho wa Oktoba 2021 kampuni zimekatazwa kukuwekea kitufe cha kurudisha mezani pesa uliyoomba kutoa. Kitufe kile kilimaliza ushindi wa watu wengi niliowahudumia, usiku wa kusubiri. Ukikiona popote, una jambo la kulalamikia.

"Lipa kodi kwanza ndipo tuachie." Sisi tuliozoea kodi ya ushindi kukatwa Tanzania na Kenya tunanaswa hapa kirahisi. Mchezaji wa Uingereza halipi kodi kwa alichoshinda. Anayekuomba utume chochote ili upewe chako ni tapeli. Kata simu.

Mwisho, wale wanaosema "nitawapeleka kwa Tume wanilipe". Tume husimamia leseni. Madai ya mtu mmoja mmoja haiyaamui. Ipelekee taarifa kwa ajili ya wengine, lakini pesa yako ifuate njia nyingine. Iandikie kampuni barua pepe, na juu kabisa weka neno "malalamiko", tarehe, kiasi, na orodha ya ulichotuma na siku ulichokituma. Kubishana kwenye dirisha la gumzo usikuhesabu kama malalamiko. Kampuni ina wiki 8. Ikikupa msimamo wake wa mwisho kabla ya hapo, au wiki 8 zikiisha, unakwenda kwa msuluhishi aliyetajwa kwenye masharti yake, mara nyingi IBAS, na mchezaji halipi kitu. Hoja ile ya kuulizwa kwa kuchelewa, hapa ndipo pake.

Mahakama nayo ipo. Sheria ya Kamari ya 2005 ilifanya deni la kamari lidaiwe kama deni jingine, na mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamuru mchezaji mmoja alipwe pauni milioni 1.7 alizoshinda kwenye blackjack miaka mitatu nyuma, baada ya kampuni kukataa kwa madai kwamba mchezo ulikuwa na hitilafu. Ilitegemea vifungu vyake vya masharti, na jaji hakuvikubali. Mteja wangu wa 64,000 hatafika huko. Jana jioni amenitumia taarifa zake za benki, kurasa zote, na SA302 anaifuata Jumatatu.