Mirathi Lamu: ya barazani na ya sheriani

Hitima haijamalizika vyema, barazani washagawa: nyumba ya Mkomani ya kaka mkubwa, mashua ya mdogo wake, mabinti "washaolewa, wana waume zao." Marehemu hakuacha wasia, basi kila mtu kadhi.

"Sheria ya mirathi Kenya ni moja."
Si moja. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika 1981, lakini tangu marekebisho ya 1990 mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Mahakama ya Kadhi husikiliza shauri ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kwenda huko. Ndivyo isemavyo ibara ya 170 ya Katiba. Mkristo wa Mpeketoni, Lamu hiyo hiyo, mali yake kwa kawaida hufuata Sura ya 160, ila asipoacha wasia mifugo na baadhi ya mashamba Lamu hufuata mila ya jamii yake.

"Binti aliyeolewa harithi."
Hakuna sheria kati ya hizo mbili inayosema hivyo, na ajabu ni kwamba wanaolisema sana ndio wanaojiita washika dini. Tuchukue Mwislamu aliyeacha mke, mama mzazi, mwana mmoja na mabinti wawili. Baba yake alishatangulia. Mali yote ni shilingi 2,500,000. Kwanza yatolewe ya maziko na madeni, na mahari ambayo mke hajalipwa ni deni pia. Tuseme yote hayo ni 100,000. Katika 2,400,000 zilizobaki mke ana thumuni, yaani moja ya nane, 300,000. Mama ana sudusi, moja ya sita, 400,000. Zinabaki 1,700,000: mwana 850,000, kila binti 425,000. Nusu ya fungu la kaka yake, ndiyo, lakini ni lake, awe kwa mumewe au kwao.

Kwa Sura ya 160 watoto wote hupata sawa, wa kike kwa wa kiume.

"Mjane ni mgeni tu." Wengine husema kinyume chake: "Mjane huchukua vyote."
Wa Kiislamu fungu lake tumeliona. Bila watoto wa marehemu lingekuwa robo, na wake wakiwa wengi hugawana hilo hilo moja. Chini ya Sura ya 160, mjane mwenye watoto huchukua vyombo na vitu vya nyumbani viwe vyake moja kwa moja. Mali nyingine huitumia maisha yake, ila nyumba au shamba hawezi kuuza bila idhini ya mahakama.

"Kaka mkubwa ndiye msimamizi, basi ni mali yake."
Msimamizi hukusanya, hulipa madeni, hugawa. Anayeuza mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anaingia kifungu cha 45 cha Sura ya 160: faini hadi shilingi 10,000, kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ami naye hana ruhusa ya kipekee.

"Nyumba ya wakfu tutaigawa tu." Wakfu ni mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, hairithiwi. Basi.

"Wajukuu husimama mahali pa baba yao aliyekufa mbele ya babu."
Kwa Sura ya 160, ndiyo, huchukua fungu lake. Kwa Waislamu, ami zao wakiwepo huwazuia. Babu angeweza kuwausia wajukuu hao, isizidi theluthi ya mali, lakini hakuandika.