Mkikosea, nani atajua?

Juzi shemeji yangu alikuja kutuona tukipiga muziki wetu wa kubuni papo hapo, kwa mara ya kwanza. Chumba kidogo juu ya baa, mashariki ya London, watu kama ishirini na tano, viti havifanani. Tulipomaliza akanivuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbushia deni: "Shem, niambie ukweli. Mkikosea, nani atajua?"

Nimeshaulizwa hivyo na fundi umeme, na mwalimu wa muziki, na dereva wa teksi aliyeona begi langu la waya. Shemeji ndiye aliyejaza kibaba.

Jibu fupi: wote wanne tunajua, tena palepale.

Tuko na saksafoni, tromboni, mpiga midundo, na mimi mwenye kompyuta, mikisa na sintesaiza. Hatuna noti, hatupangi nani aanze wala tutaishia wapi. Basi watu wakisikia "muziki huru" wanaelewa kila mtu na lake, yaani kila mwamba ngoma ngozi avutie kwake. Hilo ndilo kosa lenyewe, si kanuni! Na wala si mchezo wa juzi. Kundi la AMM lilianza hapa London mwaka 1965: Keith Rowe akalaza gitaa lake mezani, akaingiza na redio, Lou Gare kwenye saksafoni, Eddie Prévost kwenye ngoma. Walitoka kwenye jazi, wakafika mahali ambapo msikilizaji hakujua tena sauti ipi ni ya nani. Huyo Prévost alianzisha warsha ya kila Ijumaa mwaka 1999. Sasa kama hakuna kukosea, watu walikuwa wanakwenda kila wiki kufanyia mazoezi kitu gani?

Kosa la wageni ni kupiga sana. Linajulikana, nalipita.

Linaloniudhi ni la wale wanaojua kidogo. Wamesikia kwamba siri ni kusikilizana, basi wanasikiliza kama mlinzi wa geti: kila kinachopita lazima wakidake. Tromboni ikishuka, nao wanashuka. Ngoma ikigonga tatu, nao tatu. Halafu wanakutazama wakitabasamu. Nawaelewa, maana wengi wetu tumekulia kwenye ngoma za kuitikiana, mmoja anatoa, kundi linapokea, na usipopokea umekosa adabu. Lakini kule anayetoa anajua kitakachomrudia, na raha yake ni hiyo. Huku ukinirudishia nilichotoa umenifungia mlango. Nilikuwa na safari, sasa nimebaki na kasuku begani.

Mtazame mpiga midundo wetu. Saksafoni ikipanda juu na kuanza kupayuka, mara nyingi yeye huchukua upinde wa fidla akauburuta taratibu kwenye ukingo wa toazi. Inatoka sauti nyembamba, baridi, isiyohusiana na kile kinachopayukwa. Hakujibu kitu. Lakini sikiliza saksafoni sekunde kumi baadaye: imepata pa kusimama, inaanza kuchagua. Jamaa amesikia yote, akaamua kutochangia hoja. Hiyo nami huita kusikiliza, na ilinichukua miaka kuielewa kwa sababu kwa nje inafanana na kiburi.

Upande wangu una hatari zaidi, kwani kompyuta inamshinda kasuku kwa kuiga. Maiki iko mbele ya tromboni. Nikitaka nachukua sekunde nne alizopiga, nazigeuza kinyumenyume, nazishusha, namrudishia. Mara ya kwanza inasisimua. Mara ya tatu hata mhudumu wa baa anajua kinachokuja.

Halafu kuna suala la pumzi. Anayepuliza lazima avute hewa. Ngoma nayo ukiigonga, sauti inakufa yenyewe bila kuombwa. (Evan Parker anaweza kuzungusha pumzi, yaani kuvuta hewa puani huku akipuliza ya mashavuni, na kupiga saksafoni muda mrefu bila kukata, lakini tusiwape mzigo huo watu wa kawaida.) Mimi sina breki ya namna hiyo. Nikipandisha sauti kwenye mikisa itakaa pale mpaka umeme ukatike. Wenzangu mwili wao unawanyamazisha, mimi lazima niamue. Kwa hiyo namtazama mpiga tromboni mabegani: yakipanda, nashusha. Siku nyingine navuta pumzi pamoja naye na kujizuia nisishikilie sauti kuliko mapafu yangu yanavyoweza. Sijui kama ni ufundi au ni ushirikina. Inasaidia.

Kuhusu kompyuta kuchelewa kutoa sauti, mafundi hupenda sana kulishikia bango, basi haraka: bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa) ya sampuli 512 kwenye kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni milisekunde 11 na ushei, sawa na kumsikia mtu aliye karibu mita nne kutoka ulipo. Nani ameshindwa kupiga na mtu aliye mita nne?

Turudi kwa shemeji. Usiku uleule nilikosea. Kwenye dakika ya kumi na tano hivi nilikuwa na mngurumo wa chini, mnene, unaotikisa glasi mezani, nikaupenda. Ukishaipenda sauti yako jua umekwisha. Mpiga saksafoni akajaribu kupita juu yake, akajaribu kupita kando, kisha akachomoa kipulizio, akakipangusa kwa kitambaa, akaketi. Kwa mtu wa kiti cha nyuma alikuwa anapumzika. Mimi nilisikia kama nimetukanwa mbele za watu. Nikashusha, nimeshachelewa, tromboni ikabaki peke yake na kile kimlio cha mate kwenye bomba.

Nikamsimulia shemeji haya yote, kwa fahari ya mtu aliyeshinda kesi. Akasema, "Kumbe! Mimi hapo ndipo nilipopenda."

Nikacheka. Lakini tulirekodi, na nimesikiliza mara mbili. Dakika zile tulizoshuka nazo jukwaani tukipeana mikono zimetulia tu, safi, kama sebule ya wageni isiyokaliwa na mtu. Sehemu ya mngurumo, saksafoni ikitafuta upenyo na kuukosa, ndiyo inayonifanya nisogeze kiti karibu na spika. Bado nasema lilikuwa kosa. Nilijua, na mwenzangu alijua. Ila nikiulizwa kwa nini kosa limetoka zuri kuliko usahihi, sina la kusema.

Mpiga saksafoni ameshaiomba rekodi mara mbili. Sijamtumia.