Mtoto alale wapi? Maneno ya watu na ukweli kabla ya kuanza mionzi

Kwenye ukuta wa jikoni kwetu kuna mistari ya mkaa. Wa chini kabisa uko usawa wa bega langu. Hapo ndipo vidole vya mkono wa kulia vilipofika wiki niliyotolewa nyuzi. Kila asubuhi, chai ikiwa motoni, nasimama pale na kutambaza vidole ukutani kama buibui mpaka kwapa livute, halafu nachora vilipoishia. Mwanangu wa miaka miwili na miezi minne naye anachora yake, usawa wa goti langu. Wiki hii mstari wangu umevuka utosi.

Mazoezi haya alinipa mtaalamu wa viungo hospitali. Kwenye mashine ya mionzi nitalala chali, mkono umepitishwa juu ya kichwa, nisitikisike, robo saa hivi kila siku. Mkono usiponyanyuka, tiba inausubiri mkono. Tangu nikatwe ziwa la kulia kwa saratani na kumaliza dripu za kemo, dawa za kuua saratani, nimepewa mawaidha kuliko hata siku niliyofundwa, na katika wote hao hakuna aliyeniambia niunyooshe mkono. Walinitajia mtoto.

“Mpeleke mtoto kwa bibi yake”

Aliyeanza ni wifi yangu. “Wifi, ukishaanza kuchomwa hiyo mionzi, huyu mtoto asilale na wewe. Utamuunguza.” Alisema kwa upole, huku anakunja vijinguo vya mtoto na kuvipanga kwenye begi. Alikuwa ameshapata na nafasi kwenye basi la Tanga.

Nilimwamini kwa siku 4. Usiku nikawa namlaza upande wa ukutani, mimi najibana ukingoni, eti najizoesha. Na hapo sijapigwa hata mwonzi mmoja!

Ukweli ni kwamba mionzi ya namna yangu hutoka kwenye mashine iliyo nje ya mwili, hupita pale ilipoelekezwa, basi. Mashine za kisasa hutengeneza mionzi kwa umeme: zikizimwa, imekwisha. Zile za zamani hutumia madini ya kobalti 60 yaliyofungiwa ndani ya kasha zito. Kijidirisha hufunguliwa kwa dakika chache, kisha hufungwa, na kobalti hubaki humohumo kwenye mashine. Kwako hakibaki kitu cha kumpa mtoto. Mpunga ukianikwa juani kutwa nzima, usiku hauwaki taa. Unatoka chumbani, unapanda daladala, unafika nyumbani, unambeba, unambusu, unalala naye, mnakula sahani moja.

“Sasa kama haidhuru, mbona wahudumu wenyewe wanakukimbia na kukufungia?” Hilo aliuliza jirani, na ni swali la haki. Wanatoka kwa sababu wao wako pale mwaka mzima, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Wangekuwa wanabaki ndani kila mara, wangejikusanyia dozi isiyowahusu. Wakiwa nje wanakuona kwenye kamera na mnasemezana kwa kipaza sauti. Mlango ukifunguliwa wanaingia mara moja na kukushusha kwa mikono yao.

Wifi, hata hivyo, hakuyatoa hewani. Mtaani kwao kulikuwa na mama aliyetibiwa saratani ya tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akiwa na goita, na kweli alikatazwa kukaa karibu na wanawe. Yule alimezeshwa iodini yenye mionzi. Dawa hiyo huingia mwilini, nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 8, na hutoka kwa mkojo, jasho na mate. Mgonjwa wa namna hiyo huambiwa ajitenge na watoto wadogo na wajawazito kwa siku kadhaa, na anayenyonyesha huachishwa wiki kadhaa kabla, asirudie tena kumnyonyesha mtoto huyo. Kiswahili chetu kimetupa neno moja, mionzi, kwa mambo mawili yaliyo mbali mbali. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni moja: mionzi yangu inatoka nje, au naimeza? Kuna namna ya tatu, ile ya kuingiziwa chanzo cha mionzi ndani kwa muda, kama wanavyofanyiwa wengi wenye saratani ya shingo ya kizazi. Hapo chanzo kinatolewa kabla hujatoka chumbani, nawe unarudi nyumbani huna kitu.

“Hayo ni maziwa yamelala”

Hili lilinikuta kabla ya yote na ndilo lililonigharimu zaidi. Niliona kigumu kama kokwa ya ubuyu upande wa nje wa ziwa nikiwa bado nanyonyesha. Kila niliyemwonyesha alinijibu kwa uhakika: maziwa yameganda, kanda kwa maji ya moto, mwache mtoto anyonye zaidi upande huo. Mmoja aliniletea kitana nichanie ziwa kuelekea kwenye chuchu. Mwingine alidai mtoto ameling'ata.

Ubaya wa ushauri ule ni kwamba mara nyingi ni sahihi. Vivimbe vingi vya anayenyonyesha ni maziwa yaliyoziba au ni uambukizo, na huisha. Lakini vinavyoisha huisha ndani ya siku chache, au wiki moja mbili. Changu hakikuisha, nami niliendelea kukanda kwa miezi 5. Kipimo cha utrasaundi kinafanyika huku unanyonyesha, na hata nyama ikihitajika kutolewa kwa sindano, inatolewa. Mtoto hapungukiwi kitu. Ningejua hivyo, nisingesema “nikishamwachisha ndiyo nitakwenda.”

Meno ya mtoto hayaleti saratani, wala maziwa hayagandi yakageuka saratani. Kunyonyesha, ukihesabu maisha yote ya mwanamke, hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Kilichonilazimu kumwachisha mwanangu ni kemo, kwa sababu dawa zake hupita kwenye maziwa. Wapo wanaopata mionzi peke yake ambao daktari huwaruhusu kuendelea kunyonyesha kwa ziwa lisilotibiwa. Mionzi haiyachafui maziwa ya upande wa pili. Ila hilo linaamuliwa na anayejua dawa zote unazotumia, vidonge vya homoni vikiwemo, maana navyo haviendi pamoja na kunyonyesha.

“Ocean Road? Basi tena”

Baba mkwe aliposikia ninakwenda Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, alinyamaza kama anayeletewa taarifa ya msiba. Kwa watu wa umri wake jina hilo ni la mwisho wa safari. Jengo lenyewe ni la Wajerumani, lilifunguliwa 1897, miaka 2 tu baada ya Röntgen kugundua mionzi ya eksirei huko kwao. Sidhani kama kuna aliyewaza wakati ule kwamba jengo na mionzi vingekuja kukutana hapo ufukweni. Taasisi ya saratani iliundwa kwa sheria 1996. Siku hizi wa Kanda ya Ziwa wana hospitali ya Bugando, Mwanza. Wengi wetu wengine bado safari ni ya Dar es Salaam.

Sifa ile mbaya ina sababu. Watu wengi hufika hospitali za saratani ugonjwa umeshatembea, kwa hiyo mtaa unawakumbuka walioingia wakarudi kuzikwa. Mimi napelekwa mionzi baada ya kukatwa, ili kama kuna mbegu ya saratani iliyobaki kifuani au kwapani isiote tena. Huko ni kupalilia baada ya kuvuna. Ni kweli pia mionzi hutumika kwa mgonjwa ambaye hataponywa tena, kumtulizia maumivu ya mifupa kwa mfano, pengine kwa kupigwa mara moja tu. Kwamba umeandikiwa mionzi hakusemi uko hatua gani, muulize aliyekuandikia.

Chale za bibi

Maandalizi yenyewe yalikuwa siku moja ya kulala kwenye CT scan, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, mkono ukiwa juu. Hakuna tiba siku hiyo, wanachora ramani. Walinipima kwa mistari ya taa, wakanichora kwa wino, kisha wakanidonoa vidoti 3 vya kudumu, kila kimoja kama ncha ya kalamu, ili kila siku nilazwe palepale bila kupishana. Bibi yangu alipoviona alishtuka: “Hee! Na hospitali nao siku hizi wanachanja chale?” Tulicheka mpaka mshono ukauma. Nilimweleza ni alama za fundi tu, kama anazopiga fundi cherehani kwa chaki kabla ya kushona. Shangazi yeye alihofia tatuu ni haramu. Akaenda kuuliza msikitini mwenyewe, akarudi ametulia. Kama alama zako ni za wino tu, usizisugue kwa dodoki.

Baada ya hapo nikaambiwa nisubiri kupigiwa simu. Siku zikapita, na nyumbani wakaanza: wamekusahau, au hali yako wameiona mbaya. Wala. Ile ramani inakaliwa kitako na watu kadhaa. Daktari anachora pa kupiga na pa kukwepa, mapafu na moyo. Mwanafizikia anapiga hesabu za pembe na dozi. Kisha mpango unakaguliwa kabla mgonjwa hajaguswa. Kusubiri kunachosha, sikatai, na siku zikizidi zile walizokutajia, piga wewe.

Ramani ilipokuwa tayari nikaambiwa nitakwenda mara 15, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 3. Hapo mwenye dhana potofu nikawa mimi. Dada mmoja niliyekaa naye benchi alikuwa amepigwa 25. Moyoni nikasema, nimepunjwa. Kumbe ile ya zamani ni grei 50 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara 25, yaani 2 kwa siku, na yangu ni 40 kwa mara 15, karibu 2.7 kwa siku. Kila siku napata kubwa kidogo, jumla ndogo. Majaribio makubwa ya Uingereza yaliyotoa matokeo 2008 yalionyesha njia fupi inazuia saratani ya matiti isirudi sawa na ile ndefu, na ngozi haiumii zaidi. Kwa mwenye mtoto na nauli ya kuhesabu, tofauti ya wiki 2 si ndogo.

Kuchomwa, nywele, rozela

Neno “kuchomwa” ndilo linalotisha. Mwonzi wenyewe huusikii. Hauna joto wala maumivu, unasikia mashine inavuma tu. Ngozi ndiyo hubadilika baadaye, mara nyingi kuanzia wiki ya pili au ya tatu, na huendelea kuchacha hata wiki moja mbili baada ya kumaliza. Maelezo mengi husema “itakuwa nyekundu.” Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri. Utaona pameiva weusi, panang'aa, panawasha, pana joto ukiweka mgongo wa kiganja. Sema mapema, usingoje pachubuke. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kupangusa taratibu kwa khanga kuukuu iliyolainika. Asali, majivu na kitunguu viache jikoni. Pasipochubuka, deodoranti ya kawaida haina neno.

Nywele zangu zimeanza kuota baada ya kemo, laini kama za kichanga, na jirani ananihurumia kwamba zitanyonyoka tena. Mionzi hunyonyoa pale inapopita tu. Kitakachopoteza nywele ni kwapa, na hilo sililii.

Kuhusu chakula, nimekatazwa nyama, sukari, maziwa, mayai na, kwa sababu nisiyoielewa, embe. Ugali nao ukishaingia tumboni ni sukari. Ukiacha kula ili kuinyima saratani, unajinyima wewe. Rozela wanasema inaongeza damu, mimi nakunywa kwa sababu ni tamu ikipoa. Damu yangu inapimwa maabara, na ikipungua watasema wao. Unga wowote wa mitishamba unaoletewa na mtu mwenye nia njema, mwonyeshe daktari kwanza.

Na mionzi ya kifuani haizuii mimba. Usijiachie kwa kudhani iko kinga. Mimba haitakiwi kabisa kipindi hiki. Ni mionzi ya nyonga ndiyo inayoweza kukufungia kizazi, na hilo mwanamke mwenye umri wetu anatakiwa kuliuliza kabla ya kuanza, si baada.

Mkono wenyewe? Niliambiwa nisiutumie tena daima, utavimba. Wataalamu wa viungo wakaniambia nisiulaze: niuongeze kazi kidogo kidogo, na ukianza kuwa mzito au pete ikianza kubana, nirudi. Mtoto ana kilo 12. Kwa sasa namnyanyua kwa kushoto, akiwa amesimama kwenye kigoda, na yeye amejifunza kupanda kigoda bila kuambiwa.

Simu ilipigwa Alhamisi. Naanza Jumatatu, saa 2 asubuhi, maana yake nitoke saa 11 na nusu kabla foleni haijafunga. Wifi ameahirisha safari ya Tanga. Badala ya mtoto kupelekwa kwa bibi yake, bibi ndiye aliyekuja. Ameshuka jana na mkeka, na kikapu cha rozela. Mtoto alimshika mkono moja kwa moja hadi jikoni kumwonyesha mistari ya ukutani, akaanza na yake.