Kadi ya zamani haitiwi laminesheni

Mimi hutunza mkusanyo wa historia ya mji, na kila baada ya sikukuu huletewa kadi. Watu wakisafisha kabati hukuta kopo la biskuti la marehemu nyanya limejaa kadi za Idd, Krismasi, harusi na zile za kuwatakia heri watahiniwa, nao wakaamua ziingie katika mkusanyo huo. Nawashukuru kwa dhati. Ila juzi nimepokea tena furushi pamoja na ile kauli ninayoichoka kuliko zote: "Usiwe na wasiwasi, nimeshazitia laminesheni zisiharibike."

"Laminesheni inahifadhi"

Haihifadhi. Inaharibu, na uharibifu wake haurudi nyuma. Mashine ya pale saiba, yaani duka la kompyuta na kunakilia, huibana karatasi kati ya plastiki mbili kwa joto linalopita nyuzi 100. Gundi iliyo ndani ya plastiki huyeyuka na kuzama katika nyuzi za karatasi. Ikishapoa, karatasi na plastiki ni kitu kimoja. Kuvitenganisha kunataka maabara na viyeyusho vikali, na mara nyingi wino huondoka navyo.

Kadi nyingi za karne ya 20 zilichapishwa kwenye karatasi ya rojo la mbao. Asidi imo ndani yake tangu kiwandani, nayo huchangia kuigeuza manjano na kuifanya ikatike ukiikunja. Ukiifunga kwa plastiki, asidi umeifungia humo humo iendelee na kazi. Mwanga nao hupenya, kwa hiyo mwandiko wa kalamu ya biki unaendelea kupauka. Na siku ukingo wa plastiki unapoachia, unyevu wetu wa Pwani huingia ukakosa pa kutokea.

Katika furushi hilo la juzi mlikuwa na kadi ya heri ya mtihani, ya kukunja, yenye mawaridi ya chapa ya mwinuko na utepe mwekundu. Imepitishwa mashineni ikiwa imefungwa. Mawaridi yamelala bapa, utepe umepondeka ukaacha alama ya rangi pembeni. Ukiielekeza kwenye taa unaona mistari ya mwandiko upande wa ndani, lakini husomi hata neno moja, na kuifungua haiwezekani. Mzazi fulani alimwandikia mwanawe maneno ya siku kubwa ya maisha yake, na maneno hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyataka. Mawaridi yenyewe yalichapishwa kwa maelfu.

Wakubwa wa kazi hii walishaumia kwa jambo hili. Kuanzia miaka ya 1930 huko Marekani, William Barrow wa Virginia alizifunika nyaraka kwa tabaka za selulosi asetati, aina ya plastiki, kwa joto na mkandamizo, na hifadhi nyingi zikamfuata. Baada ya miongo kadhaa asetati hiyo ikaanza kuoza na kutoa harufu ya siki, ikawa kazi ya wahifadhi kuibandua ukurasa mmoja mmoja. Na Barrow baadaye alikuwa akiiondoa asidi kwanza kabla ya kufunika. Saiba hawaiondoi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Ukiikosa, kunja karatasi nyeupe safi ya kunakilia, weka kadi katikati, na ubadilishe karatasi hiyo ikianza kugeuka rangi. Kama kadi itashikwashikwa na watu, tumia mfuko wa plastiki ya poliesta ulioachwa wazi upande mmoja au miwili. Mifuko laini yenye harufu ya mpira mpya ni ya plastiki iitwayo PVC, na hiyo hunata na wino. Maelezo yaandike juu ya bahasha kwa penseli laini kabla hujaitia kadi: nani kampa nani, walikuwa wakiishi mtaa gani, wanaitanaje. Hili la penseli nitalisema hadi nistaafu. Wino huvuja na kalamu ya biki huchora hadi upande wa pili, lakini penseli hukaa na ikibidi hufutika.

"Haina tarehe, basi haina faida"

Tarehe ipo, ila hujaitafuta. Kadi inayomtakia mtoto heri katika CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ni ya kabla ya 1985, mwaka mtihani wa KCPE ulipoanza mahali pake. Kadi ya Uingereza yenye bei ya peni kwa herufi "d" nyuma yake ilichapishwa kabla ya mabadiliko ya sarafu yao ya Februari 1971. Stempu ya "Kenya Uganda Tanganyika" haiwezi kuwa ya kabla ya 1935, na yenye jina la Tanzania ni ya baada ya Muungano wa 1964. Kadi ya Idd-ul-Fitri iliyoandikwa mwaka 1389 Hijria ni ya Disemba 1969, kwa sababu ndipo sikukuu hiyo ilipoangukia.

Ndiyo maana huniuma mtu anaponiletea kadi peke yake na kuniambia bahasha ameitupa kwa kuwa ilikuwa chafu, au stempu ameikatia mtoto. Muhuri wa posta ulikuwa hapo. Sanduku la posta la aliyeandikiwa lilikuwa hapo. Lete vyote, na uchafu wake.

"Ni za kale, lazima zina pesa"

Nyingi hazina. Kadi ya Krismasi ya Mwingereza Henry Cole, inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, iliyotoka London mwaka 1843, ina bei kubwa kwa sababu zilichapishwa kama 1,000 tu na zilizobaki ni chache. Yako ina thamani kwa mwandiko uliomo.

"Bila glavu usiguse"

Kwa karatasi, mikono iliyonawiwa ikakauka vizuri ni bora. Glavu za pamba hunasa kwenye kingo na kukuondolea hisia ya vidole. Zivae unaposhika picha zenye kung'aa.

"Nimezianika juani, zilikuwa na ukungu"

Jua huzipausha na kuzipinda. Zitandaze kivulini penye upepo hadi zikauke, halafu ukungu uuondoe nje ya nyumba kwa brashi laini, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa.

"Nimezipiga skani, kwa hiyo nimezichoma"

Naomba sana, usichome. Skani haikuonyeshi karatasi ni ya aina gani wala kalamu ilikandamiza wapi, na faili hupotea na simu.

"Hizi zinazoimba ni za juzi"

Hata za juzi tunazitaka, na ndizo zinazokufa haraka zaidi. Betri ndogo ya mviringo iliyo ndani huvuja na kula kadi yote. Rekodi wimbo wake kwa simu kama bado unalia, toa betri, kisha utuletee kadi pamoja na rekodi.